Jinsi ya kuchagua skrini ya kompyuta isiyodanganya rangi

MTU anayefuata Barabara ya Jogoo kuelekea Buruburu, Umoja, Donholm au Kayole haendi mbali kabla ya kukutana na chumba kidogo chenye kompyuta moja, mashine ya kuchapisha na bango la mlangoni linalotaja kazi zifanywazo humo: kadi za harusi, fulana, mabango ya makanisa, vibandiko vya matatu, picha za pasipoti na vijitabu vya mazishi. Kazi zote hizo huamuliwa kwa jicho, na jicho lenyewe hutegemea skrini iliyo mezani.

Kijitabu cha mazishi ndicho kinachodhihirisha uzito wa jambo hili. Familia huleta picha ya marehemu, aghalabu iliyopigwa kwa simu, siku moja kabla ya safari ya kwenda mashambani. Fundi huisafisha, huongeza mwangaza hadi uso upendeze machoni pake, kisha hupeleka kazi River Road ikachapishwe nakala mia mbili au tatu. Nakala zikirudi, uso umefifia katika weusi usiotambulika, au umeiva wekundu ambao marehemu hakuwa nao. Gari la maiti linaondoka alfajiri na hakuna wasaa wa kurudia. Mteja hulaumu fundi, fundi hulaumu mwenye mashine, naye mwenye mashine huonyesha faili aliyoletewa na kusema kwamba amechapisha kilichomo. Mara nyingi huyu wa mwisho ndiye mwenye haki. Kosa lilianzia kwenye kioo.

Vijana wengi wa mitaa ya Eastlands wameingia katika sanaa ya michoro ya kompyuta, baadhi wakiwa wamepitia taasisi kama ile ya Sanaa ya Buruburu, inayojulikana zaidi kwa ufupisho wa BIFA, na wengine wakijifunza wenyewe. Wanapoanza biashara, fedha zao huishia kwenye kompyuta yenye kasi na programu za kuchora. Skrini hununuliwa kwa salio lililobaki. Utaratibu huo ungefaa kupinduliwa, kwa kuwa kompyuta yenye mwendo wa kobe huchelewesha kazi tu, ilhali skrini mbovu huiharibu pasi na mwenyewe kujua.

Kwa nini skrini na karatasi hazipatani

Skrini hutoa nuru. Kila nukta yake, yaani pikseli, ina taa tatu ndogo: nyekundu, kijani na buluu. Zikiwaka zote kwa nguvu, jicho huona weupe, na zikizimwa huona weusi. Karatasi haitoi nuru yoyote, bali hurudisha ile inayoiangukia baada ya wino kunyonya sehemu yake. Wino wenyewe ni wa aina nne: samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Kwa hivyo zipo rangi ambazo skrini inaweza kuzionyesha na ambazo wino huo hauwezi kamwe kuzifikia, hususan kijani kinachong'aa, buluu iliyokolea na rangi ya machungwa iliyo hai.

Nchini Kenya jambo hili si dogo. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005, waliopinga rasimu ya katiba walipewa alama ya chungwa na walioiunga mkono alama ya ndizi. Tangu hapo rangi ya machungwa imekuwa na uzito wa kisiasa ambao haikuwa nao awali. Fundi aliyewahi kuchapisha fulana za kampeni anajua kwamba chungwa lililowaka kwenye skrini huweza kutoka likiwa na rangi ya matofali, na kwamba mgombea hataki kusikia habari za wino. Hali ni iyo hiyo kwa kijani cha maduka ya M-Pesa, huduma iliyozinduliwa Machi 2007 na ambayo rangi yake kila Mkenya anaitambua kwa mbali.

Kampuni kubwa hutatua tatizo hilo kwa kutumia wino uliokwisha kuchanganywa na kupewa nambari katika mfumo wa Pantone, ulioanza 1963, mwaka ule ule ambao bendera ya Kenya ilipandishwa. Chumba cha Kayole hakina uwezo wa kuagiza wino maalumu kwa ajili ya fulana hamsini. Kinachoweza kufanywa ni kuwa na skrini inayosema kweli, ili fundi ajue mapema rangi ipi itapotea na amweleze mteja kabla ya kuchukua malipo.

Ili vyombo mbalimbali vipate lugha moja ya rangi, kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza mnamo 1996 kipimo kiitwacho sRGB, ambacho kilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Kipimo hiki husema nyekundu, kijani na buluu ni zipi hasa, weupe uwe wa namna gani, na hatua za kutoka kwenye giza kuelekea kwenye nuru zipangwe vipi. Mtandao wa intaneti, kamera nyingi na mashine nyingi za kuchapisha picha huchukulia kwamba faili isiyo na maelezo mengine ni ya sRGB. Basi skrini inayofuata sRGB kwa uaminifu inatosha kwa takriban kazi zote za mitaani. Kipo kipimo kipana zaidi, Adobe RGB cha 1998, kinachowafaa wapigapicha wanaochapisha kwa mashine bora, lakini asiyekihitaji hukinunua kwa gharama na kisha kumletea matatizo mapya.

Ngozi nyeusi na suti nyeusi

Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza ngozi ya mtu. Kuna mweusi tititi, kuna maji ya kunde, na kuna mweupe ambaye Mzungu angemwita mweusi. Skrini duni haizijui tofauti hizo. Huzimeza zote katika doa moja la giza, hasa pale bwana harusi mwenye ngozi nyeusi anapovaa suti nyeusi na kusimama mbele ya pazia jekundu.

Historia ya teknolojia ya picha ina lawama yake hapa. Kwa miongo kadhaa, maabara zilizotumia filamu za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka sawa, kazi ilihesabiwa kuwa sawa. Inasimuliwa kwamba malalamiko yaliyosikilizwa kwanza hayakuwa ya watu weusi bali ya watengenezaji wa fanicha na chokoleti, ambao walitaka aina za mbao na peremende zao zitofautishwe. Mwaka 2022 kampuni ya Google ilitoa hadharani kipimo cha ngozi chenye ngazi kumi kilichobuniwa na Ellis Monk, msomi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kipimo hicho hupatikana bila malipo, na fundi anaweza kukiweka kwenye skrini na kuhesabu: je, ngazi tatu za mwisho, zile nyeusi zaidi, zinaonekana kuwa tatu au zimekuwa moja?

Swali hilo moja lina thamani kuliko maelezo mengi yaliyoandikwa kwenye katoni.

Aina za paneli

Paneli ndiyo moyo wa skrini, na zipo aina tatu kuu za kioo cha maji, kila moja ikiwa na tabia yake.

TN ndiyo kongwe na rahisi zaidi. Ilitawala soko la miaka ya 2000 na bado imo katika skrini nyingi kuukuu zinazouzwa Nairobi. Kasoro yake ni kwamba rangi hubadilika kulingana na mahali lilipo jicho. Mtu akikaa, uso wa bibi harusi ni kahawia, akisimama, umepauka, na akiinama, umegeuka kama hasi ya filamu. Fundi na mteja wakikaa bega kwa bega mbele ya skrini ya TN wanatazama picha mbili tofauti, na kila mmoja ataapa kwamba anaona sawasawa. Hii haifai kwa kazi ya rangi, hata ikiwa inatolewa bure.

VA ina weusi mzito, na picha zake hupendeza mtu anapotazama filamu. Uwiano wake wa weupe kwa weusi huwa kiasi cha 3000 kwa 1, mara tatu ya ule wa paneli nyingi za IPS. Hata hivyo, sehemu za giza hubadilika mtazamaji anaposogea kando kidogo, na sehemu hizo ndizo zinazobeba ngozi nyeusi na nywele. Mgala muue na haki umpe: kwa uhasibu na kuandika barua, VA ni nzuri. Kwa nyuso za watu wa Eastlands, hapana.

IPS, ambayo kampuni ya Hitachi ya Japani iliitoa mwaka 1996, ndiyo inayopendekezwa kwa kazi hii. Rangi zake hubaki zilivyo hata ikitazamwa kutoka pembeni. Weusi wake huwa wa kijivu kidogo gizani, kasoro ambayo haionekani katika chumba chenye taa. Mnunuzi anayekumbuka herufi moja tu katika makala haya na akumbuke hizi tatu.

Kuna pia OLED, ambayo kila nukta hujiwashia nuru yake, na weusi wake ni weusi kweli. Ni ghali, na ina tatizo la kuacha kovu pale ambapo kitu kimoja kinakaa muda mrefu bila kusogea. Programu za michoro huwa na vitufe vilivyosimama mahali pamoja kutwa nzima, kwa hivyo anayefanya kazi saa kumi na mbili kila siku ana sababu ya kusita.

Tarakimu za kwenye katoni

Wauzaji hupenda tarakimu kubwa, na vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Uwiano wa milioni moja kwa moja, unaoitwa wa mabadiliko, haumsaidii mtu yeyote, kwani hupatikana kwa kuizima taa ya nyuma. Kibandiko cha HDR si ushahidi kwamba rangi ni sahihi. Kasi ya kuburudisha picha mara 144 kwa sekunde ni ya wachezaji wa michezo ya kompyuta.

Zinazofaa kusomwa ni chache. Ya kwanza ni asilimia ya sRGB, ambayo inafaa kuwa 95 au zaidi, na 99 ikipatikana. Hapa pana mtego. Skrini nyingi za kompyuta za kupakata za bei ya chini huandikwa asilimia 45 ya NTSC, kipimo cha runinga ya Marekani cha mwaka 1953. Kwa lugha ya sRGB, hiyo ni takriban theluthi mbili tu, na rangi nyekundu kwenye skrini kama hiyo huonekana kama nyanya iliyokaa juani. Asilimia 72 ya NTSC ndiyo hukaribiana na sRGB kamili. Kwa hivyo wapigapicha wanaohariri kwa kompyuta ya kupakata na kushangaa picha zao zikitoka zimekolea kupita kiasi hawana haja ya kutafuta mchawi: waliongeza rangi ambayo kioo chao kilishindwa kuionyesha.

Ya pili ni idadi ya hatua. Paneli ya biti 6 ina hatua 64 kwa kila rangi ya msingi, jumla ya rangi 262,144, na hujaza pengo kwa kupepesa haraka kati ya rangi mbili. Ya biti 8 ina hatua 256, jumla milioni 16.7. Tofauti huonekana katika anga la jioni au pazia lenye kivuli, ambapo skrini duni huonyesha mistari kama ngazi badala ya mteremko laini.

Ya tatu ni delta E, yaani umbali kati ya rangi iliyotakiwa na iliyoonyeshwa. Chini ya 1 jicho la kawaida haling'amui, chini ya 2 ni njema kwa kazi ya kulipwa, na ikipita 5 hata mteja asiyejua lolote atagutuka. Baadhi ya skrini mpya, mathalani za familia ya ASUS ProArt, huja na karatasi ya vipimo kutoka kiwandani. Karatasi hiyo ni cheti cha kuzaliwa tu, kwani rangi husogea kadiri skrini inavyozeeka.

Ukubwa ni suala la nafasi na mfuko. Inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080, au 1920 kwa 1200, hutosha. Kwa inchi 27 ni afadhali 2560 kwa 1440, vinginevyo herufi huwa na makunyanzi.

Mpya au kuukuu

Skrini mpya ya kiwango cha sRGB si mzaha kwa mfuko wa anayeanza. Ndiyo maana wengi huelekea Luthuli Avenue na vichochoro vya karibu, ambako skrini zilizotumika katika ofisi za Ulaya huuzwa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walisema, na katika soko hili msemo huo una ukweli wa aina yake: skrini kuukuu ya daraja la juu mara nyingi ni bora kuliko mpya ya daraja la chini, ingawa ile mpya inang'aa na hii kuukuu ina mikwaruzo kwenye fremu.

Siri iko kwenye jina la modeli lililobandikwa mgongoni. Katika skrini za Dell, herufi U mwanzoni humaanisha UltraSharp, na karibu zote zenye herufi hiyo ni za IPS, mathalani U2412M iliyoanza kuuzwa 2011. Zenye herufi E ni za daraja la chini, na nyingi za zamani ni TN. Zinafanana kwa umbo na hupangwa kwenye rafu moja, na bei zao huachana kidogo kuliko inavyostahili. Skrini za HP za familia ya Z nazo zinafaa kutazamwa. Atakayebahatika kukuta EIZO ColorEdge katika lundo, na si jambo la kila siku, asiipite bila kuiwasha. Baadhi ya EIZO huonyesha kwenye menyu saa zilizotumika, kama vile gari linavyoonyesha kilomita.

Umri nao una neno. Skrini zilizoundwa kabla ya takriban 2010 aghalabu huwashwa na mirija midogo ya nuru badala ya taa za LED. Mirija hiyo hufifia na kugeuka manjano. Skrini iliyofikia hali hiyo hairekebishiki kwa vitufe.

Kabla ya kulipa, mnunuzi na aende akiwa na kijiti cha kumbukumbu chenye picha chache: ukurasa mweupe mtupu, mwingine wa kijivu, mteremko wa kutoka weusi hadi weupe, vipimo vya weusi kama vile vya tovuti ya Lagom, na picha tatu au nne za watu wa ngozi mbalimbali ambazo amewahi kuzichapisha na kuridhika nazo. Hizi za mwisho ndizo muhimu, kwa kuwa nakala ya karatasi anaweza kuibeba mkononi na kuilinganisha. Ukurasa mweupe utaonyesha madoa, pembe zilizoingia giza na nukta zilizokufa. Wa kijivu utafichua upande mmoja ukiwa na wekundu na mwingine ukijani. Skrini iachwe ikiwaka kwa nusu saa, muda ambao rangi huhitaji ili kutulia. Muuzaji anayekataa nusu hiyo ya saa anamtaka mteja anunue mbuzi ndani ya gunia.

Jambo dogo linalowapotosha wengi ni waya. Ule wa zamani wa VGA hufifisha ukali wa picha. Na hata ule wa HDMI, kompyuta ikidhani imeunganishwa na runinga, huweza kutuma kiwango finyu cha nuru, weusi ukawa kijivu na picha nzima ikaonekana kama imefunikwa na vumbi. Skrini kadhaa nzuri hukataliwa dukani kwa kosa hilo, ambalo hurekebishwa kwa kubadilisha mpangilio mmoja wa kompyuta.

Kusawazisha

Skrini yoyote, hata iliyo bora, huhitaji kupimwa. Kifaa chenyewe ni kidogo kuliko kikombe cha chai, huning'inizwa juu ya kioo na kusoma rangi programu inapozionyesha moja baada ya nyingine. Vinavyojulikana ni Spyder vya kampuni ya Datacolor na vile vilivyokuwa vya X-Rite, ambavyo tangu 2021 huuzwa kwa jina la Calibrite. Mwishoni programu huandika faili inayoieleza kompyuta namna ya kusahihisha makosa ya skrini ile. DisplayCAL ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo kwa ustadi.

Bei ya kifaa hicho huwavunja moyo wengi. Lakini kazi yake ni ya saa moja kwa mwezi, na siku zilizobaki hukaa kwenye droo. Katika mitaa ambako watu huchanga fedha katika chama ili kununua viti vya kukodisha, mahema na hata matatu, hakuna sababu ya mafundi sita wa Umoja kutonunua kifaa kimoja na kukizungusha. Tahadhari ni kwamba vifaa vya zamani sana, ambavyo vichujio vyake vimechakaa, hupima vibaya kuliko jicho.

Malengo ya kuanzia ni weupe wa kelvini 6500, gama ya 2.2 na mwangaza wa kati ya kandela 80 na 120 kwa mita mraba. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo chanzo cha malalamiko mengi kuhusu nakala zilizotoka giza. Skrini hutoka kiwandani ikiwa na mwangaza wa kandela 250 au zaidi, ili ishindane na zenzake dukani. Fundi huona uso umeng'aa vya kutosha, kumbe nuru ni ya taa ya nyuma wala haimo kwenye picha. Asiye na kifaa cha kupimia na achague mpangilio wa sRGB kwenye menyu ya skrini, aweke karatasi nyeupe kando ya kioo chini ya taa ya kazi, kisha apunguze mwangaza hadi ukurasa mweupe wa skrini na karatasi vilingane. Kwa siku mbili tatu skrini itaonekana kama imezimika. Jicho huzoea.

Chumba, umeme na simu ya mteja

Nairobi iko karibu na ikweta, na jua la saa sita likipenya kwenye mlango wa kibanda hakuna skrini inayolishinda. Kayole na Pipeline zina tatizo la kinyume: majengo yamesongamana kiasi kwamba taa huwaka mchana kutwa, na kila chumba kina balbu ya rangi yake. Kuta nazo hupenda kupakwa kijani, waridi au rangi ya kampuni iliyodhamini duka. Ukuta wa kijani hurusha kijani kwenye kioo na kwenye karatasi, na jicho hulifuta hilo bila kumwarifu mwenyewe. Skrini igeuzwe isitazame mlango, ukuta wa nyuma yake upakwe kijivu, na balbu iwe moja yenye weupe wa mchana. Rangi ya kijivu ya kopo moja ndiyo uboreshaji wa bei ya chini kuliko wote, na ndio ambao karibu hakuna anayeufanya, kwa kuwa kijivu hakivuti wateja.

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huweza kuunguza sehemu ya skrini inayopokea umeme. Stebilaiza au betri ya akiba ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya skrini.

Kisha kuna ugomvi usiokwisha wa simu. Mteja hutumiwa mfano kupitia WhatsApp, akautazama kwenye simu ya OLED iliyowekwa katika hali ya rangi kali, huku kichujio cha usiku kikiwa kimewashwa tangu saa moja jioni. Anapoletewa bango huapa kwamba halifanani na aliloliona. Yu sahihi, halifanani. Mwenye matatu anayelipa fedha nyingi ili gari lake lizungumziwe katika njia nzima ndiye mkali zaidi. Tangu kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 na kuhitaji mstari wa manjano, na baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipoiruhusu tena michoro mwishoni mwa 2014, rangi za magari hayo zimekuwa kama nembo ya mtaa.

Dawa ya ugomvi huo ni kipande cha sampuli. Sehemu ndogo ya kazi, yenye uso au rangi kuu, huchapishwa kwa mashine ile ile na kwenye karatasi au plastiki ile ile, mteja akaitazama nje kwenye kivuli na kutia sahihi yake nyuma. Fundi naye huishikilia sampuli kando ya skrini yake. Ikiwa skrini imesawazishwa, tofauti itakuwa ndogo na ya aina moja kila mara, na baada ya kazi chache ataweza kuikadiria bila kuchapisha. Mwenye mashine pia aombwe faili ya wasifu wa rangi wa mashine yake. Si kila mmoja huwa nayo, lakini aliye nayo humwezesha fundi kuona kwenye skrini, kabla ya tone la wino kumwagika, jinsi chungwa litakavyokuwa tofali.

Skrini ya zamani inayong'olewa mezani haina haja ya kuishia kwenye jaa la Dandora, ambako waokota taka huvunja vyombo vya elektroniki kwa mikono mitupu. Mirija minene ya zamani ina risasi katika vioo vyake, na zile bapa za kabla ya LED zina zebaki ndani ya taa zake. Kama bado inawaka, iunganishwe kando ya ile mpya na ibebe vitufe vya programu, orodha za faili na barua za wateja. Hivyo vyote havihitaji rangi ya kweli, na skrini njema hubaki wazi kwa ajili ya picha peke yake.